Mchuzi wa Kuoteshea Vijidudu

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili darasa lilisome tena polepole.)

Ninyi mlioko Masasi, na Ndanda, na Lulindi, na ninyi mlioko juu uwandani, Newala na Kitangari, kaeni vizuri. Mwenye daftari na afungue ukurasa mpya. Leo tutasoma habari ya chakula kinachowadhuru watu, na jinsi wataalamu wa maabara wanavyomtafuta mdhuru aliyejificha ndani yake. Maabara ni chumba cha kuchunguzia vitu. Andikeni neno hilo: ma-a-ba-ra.

Tuanze na jambo mnalolijua. Tuseme kuna sherehe ya unyago. Wanawali wametolewa, ndugu wamekuja kutoka mbali, kuku wamechinjwa, wali umepikwa. Watu mia moja wamekula wakashiba. Kesho yake watu thelathini wanaharisha na kutapika, na mtoto mmoja macho yameingia ndani. Hapo maneno huanza. Mmoja husema, "Ni yule bibi aliyepika." Mwingine husema, "Ni jirani fulani, tangu zamani hatutakii mema." Mabaki ya chakula humwagwa shimoni, vyombo huoshwa upesi kwa aibu, na ushahidi wote hupotea. Yule bibi aliyepika hubaki na jina baya miaka mingi, na labda kosa si lake hata kidogo.

Kwanza kabisa mtoto yule apelekwe zahanati, na njiani anyweshwe maji ya dawa ya kuharisha, kidogo kidogo, bila kuacha. Chakula kitaulizwa baadaye. Lakini kitaulizwaje? Wali hausemi.

Kitu kinachodhuru mara nyingi ni vijidudu viitwavyo bakteria. Ni vidogo mno. Ukivipanga mia tano kwa safu, urefu wao utakuwa kama milimeta moja. Katika jamii zake iko moja iitwayo salmonela, ambayo hukaa katika matumbo ya kuku, ng'ombe, panya, mijusi na hata watu. Ilipewa jina la Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ingawa aliyeipata, mwaka 1885, alikuwa msaidizi wake Theobald Smith. Mambo ya dunia ndivyo yalivyo: kazi ya msaidizi, jina la mkubwa.

Wengine wenu mtasema, "Basi, mtaalamu achukue darubini yake, akitazame chakula, amwone huyo salmonela, neno liishe." Lingekuwa jambo rahisi. Lakini yako mambo mawili yanayomzuia. La kwanza, katika tonge la wali vinaweza kuwamo vijidudu mamilioni visivyo na dhara, na salmonela kumi tu kati yao. Ni kama kutafuta punje kumi za mtama mwekundu katika ghala lililojaa mtama mweupe. La pili, hata ukimwona hutamtambua. Salmonela ni kama kijiti kifupi, na vijidudu vingine vingi vya tumboni ni vijiti vifupi vivyo hivyo.

Basi wataalamu hufanya kama afanyavyo mkulima asiyejua mbegu aliyopewa. Huipanda. Ikiota na kuzaa, ataijua.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu. Kijidudu hakizai kama mbuzi. Hujigawa katikati, kimoja kikawa viwili. Kikipata chakula, maji na joto kinalolipenda, kinaweza kujigawa kila dakika 20. Andikeni moja. Baada ya dakika 20 ni viwili. Baada ya dakika 40 ni vinne. Saa moja ikitimia ni vinane. Saa mbili, 64. Saa tatu, 512. Saa nne, 4,096. Saa tano, 32,768. Saa sita, 262,144. Saa saba zikitimia, kijidudu kile kimoja kimekuwa 2,097,152. Mwalimu wa darasa na aiandike hesabu hii ubaoni, na kila mtu aihakikishe mwenyewe kwa kuzidisha mara nane kila saa. Kwa kweli mwanzo huwa wa polepole, maana kijidudu hupumzika kwanza kikiwa mahali pageni, lakini kikishazoea huenda hivyo.

Tazameni jambo jingine katika hesabu hiyo. Chakula kikipikwa saa kumi na mbili asubuhi, kikaguswa kwa mkono mchafu au kwa kisu kilichokata kuku mbichi, kisha kikakaa katika sufuria kikiwa vuguvugu mpaka saa saba mchana, zimepita saa saba. Sufuria yenyewe imekuwa maabara, ila hakuna mtaalamu.

Turudi kwenye maabara ya kweli. Mtaalamu hupima gramu 25 za chakula kile, yaani kama vijiko viwili vya mezani. Huzitia katika mililita 225 za mchuzi maalumu, chini kidogo ya robo lita. Mchuzi huu ni maji yaliyotiwa peptoni na chumvi, na umechemshwa sana ili usiwe na kijidudu chochote cha kwake. Peptoni ni nyama au maziwa yaliyokwisha kumeng'enywa, hata yakawa laini kabisa kwa vijidudu. Chupa huwekwa katika sanduku lenye joto la nyuzi 37, joto la mwili wa mtu, usiku kucha, kama saa 18.

Kwa nini mchuzi wa kwanza uwe mwororo hivi? Kwa sababu salmonela waliomo wamejeruhiwa. Wamepita katika moto, au katika chumvi, au katika jua la kuanikia, au wamekaa katika barafu. Hawajafa, lakini ni wagonjwa. Mgonjwa humpi muhogo mkavu. Humpa uji kwanza. Watafutaji wa zamani walikuwa wakiwatia moja kwa moja katika mchuzi mkali, na mara nyingine wakasema chakula hakina kitu, kumbe wao ndio waliowaua waliokuwa wakiwatafuta.

Asubuhi mchuzi umechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Salmonela wamenenepa na kuzaa, lakini na wenzao wote wamezaa vile vile. Shamba limeota, na magugu yameota. Sasa ndipo palizi inapoanza.

Tone dogo la mchuzi ule, sehemu moja ya kumi ya mililita, hutiwa katika mililita 10 za mchuzi wa pili. Huu una rangi ya kijani iitwayo malakiti, ambayo ni sumu kwa vijidudu vingi; una chumvi ya magnesi kwa wingi; na hupashwa joto la nyuzi 41 na nusu, joto la homa kali. Vijidudu vingi hushindwa. Salmonela huvumilia. Mchuzi huo una majina ya watu wawili: Rappaport aliyeueleza mwaka 1956, na Vassiliadis, Mgiriki, aliyeurekebisha baadaye. Pembeni mtaalamu huandaa mchuzi mwingine wenye aidini na nyongo ya ng'ombe, maana nyongo ndiyo nyumbani kwa vijidudu vya tumboni, na wengine huikimbia. Kwa nini michuzi miwili? Kwa sababu salmonela ni wa aina nyingi, na anayeponyoka huku hunaswa kule. Mvuvi wa Mikindani hatumii nyavu za jicho moja kwa samaki wote.

Kila ugonjwa na mchuzi wake. Anayetafuta kipindupindu hatumii kijani. Hutumia mchuzi wa peptoni uliofanywa uwe na tabia ya magadi, kwa sababu kijidudu cha kipindupindu hupenda magadi, na wengi wa wenzake hawayapendi. Naye huzaa kwa haraka: baada ya saa sita mpaka nane hupanda juu ya mchuzi, na mtaalamu humchota hapo hapo juu. Jambo hili si geni kwetu. Tanzania ilitoa habari za wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu mwaka 1974, na mwaka 1977 kikazuka kwa nguvu kuanzia Rufiji, kikaenea mikoani.

Baada ya palizi, huja kuwatenga. Mchuzi ni maji. Ndani yake vijidudu huchanganyika kama watu gulioni. Mtaalamu anataka kila ukoo ukae peke yake mahali pake. Kwa hiyo hupanda juu ya kitu kigumu. Daktari Robert Koch wa Ujerumani alijaribu vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha akajaribu jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwa joto la mwili. Aliyeleta shauri jema alikuwa mwanamke, Fanny Hesse, mke wa msaidizi mmoja wa Koch. Yeye alikuwa akigandisha vyakula vyake vya tamu jikoni kwa agari, kitu kitokacho katika mwani wa baharini, na agari haiyeyuki kwa joto la mwili. Ilikuwa mwaka 1881. Tangu hapo maabara za dunia nzima hutumia agari. (Mwani wanaoulima akina mama wa Zanzibar ni wa aina nyingine, lakini ni ndugu.) Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, alitengeneza kisahani cha kioo chenye kifuniko, na mpaka leo kisahani hicho huitwa kwa jina lake. Koch mwenyewe baadaye alikuja kufanya kazi Dar es Salaam, mwaka 1897, wakati wa Wajerumani. Mimi husema jiko la yule mama lilisaidia elimu kuliko vyumba vingi vya wakubwa, na kwenye vitabu hutajwa kwa mstari mmoja.

Katika kisahani cha salmonela hutiwa sukari za aina tatu, dawa yenye chuma na salfa, na rangi nyekundu ambayo hugeuka manjano ikionja uchachu. Vijidudu vya kawaida vya tumboni hula sukari zote, huchachua, na mahali pao huwa manjano. Salmonela wengi hula sukari moja tu, halafu hula kitu kingine kilichomo kinachoondoa uchachu, na wekundu hurudi. Juu ya hayo hutoa hewa yenye harufu ya yai bovu, nayo ikikutana na chuma hufanya weusi. Basi kesho yake mtaalamu akifunua kisahani huona madoa mekundu yenye kiini cheusi, kama macho. Kila doa ni ukoo wa kijidudu kimoja.

Hata hapo hasemi neno. Huchukua doa moja, hulijaribu kwa sukari nyingine na dawa nyingine, kisha hulichanganya na tone la maji ya damu ya mnyama aliyechanjwa kwa salmonela. Vikigandamana kama maziwa yaliyokatika, ni wenyewe. Kwa maji ya damu ya namna mbalimbali wataalamu wamegawa salmonela katika aina zaidi ya 2,500. Ilikuwa desturi kuipa aina mpya jina la mahali ilipopatikana kwanza. Ndiyo sababu ziko salmonela ziitwazo Zanzibar, na Dar es Salaam, na Kisangani, na Mbandaka. Si sifa ya kujivunia, wala si fedheha. Maana yake ni kwamba mahali hapo palikuwa na mtu aliyetafuta kwa bidii.

Hesabuni siku sasa. Usiku wa kwanza mchuzi mwororo, siku ya pili mchuzi mkali, siku ya tatu kisahani, kisha majaribio ya mwisho. Jibu la "hamna" huchukua kama siku tatu au nne. Jibu la "imo" huchukua tano au zaidi. Watu hukasirika, "Mbona malaria hupimwa kwa dakika chache?" Malaria wapo tayari katika damu. Hawa inabidi waote, na shamba halivunwi siku ya kupanda.

Kwa hiyo niseme kidogo juu ya homa ya matumbo, maana nayo ni ya ukoo wa salmonela. Watu wengi huambiwa "una taifodi" kwa kipimo cha tone la damu kinachotazama kama damu inagandamana. Kipimo hicho hudanganya mara nyingi, kwa sababu damu ya mtu hukumbuka magonjwa ya zamani na ya jirani zake. Damu iliyooteshwa katika chupa ya mchuzi ndiyo shahidi bora, ingawa naye hukosa mara nyingine, hasa mgonjwa akiwa amekwisha kunywa dawa. Haidhuru kumwuliza daktari, kwa heshima, "Je, kipimo hiki kimeoteshwa?"

Na sasa nisemapo kwamba mchuzi hujua mambo mengi, msidhani hujua yote. Mwaka 1988, wakati wa upungufu wa chakula, watu katika wilaya ya Masasi waliugua kwa kula muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka, usiopata siku zake za kutosha. Hiyo ilikuwa sumu ya muhogo wenyewe. Ungeutia unga ule katika mchuzi wowote, usingeota kitu cha kukueleza lolote. Hutakiwa kipimo cha sumu. Tena viko vijidudu vinavyotoa sumu isiyokufa kwa moto: mpishi huchemsha tena, vijidudu hufa, sumu hubaki, watu hutapika baada ya saa chache tu, na mchuzi husema "hamna". Mtaalamu mwema hasomi mchuzi peke yake. Huuliza pia watu walikula nini na saa ngapi.

Nayo magonjwa ya virusi hayaoti katika mchuzi kabisa. Hapa Newala panajulikana kwa jambo hilo duniani kote. Mwaka 1952 na 1953 uliingia uwandani ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo, hata watu wakatembea wameinama, na Wamakonde wakauita chikungunya, yaani kile kinachompinda mtu. Wataalamu wa Entebbe, Uganda, wakaitafuta asili yake. Virusi huzaa ndani ya kitu kilicho hai tu, kwa hiyo watoto wa panya weupe ndio waliokuwa mchuzi wao, na humo virusi vikapatikana. Mwaka 1956 Bwana Ross alichapisha habari zake. Tena iligunduliwa kwamba mbu wanaoueneza walikuwa wakizaliana katika vyombo vya maji ndani ya nyumba. Wazee wa Newala wanajua sababu ya vyombo hivyo: uwanda hauna mito, na maji yalichotwa chini mabondeni kwa safari ya masaa, basi nani angemwaga tone? Neno la Kimakonde sasa limo katika vitabu vya madaktari wa India na Brazil.

Turudi kwa yule bibi aliyepika. Ugonjwa wa salmonela huanza mara nyingi baada ya saa 12 mpaka 36 tangu kula, na pengine huchelewa mpaka siku tatu. Mtu aliyeugua alfajiri huulaumu uji wa usiku, kumbe ni kuku wa mchana wa jana yake, au maziwa yaliyouzwa barabarani. Ndiyo maana nawaomba msimwage mabaki. Lakini yasiliwe tena, na watoto na kuku wasiyafikie. Chota kwa kijiko kilichochemshwa, tia katika chombo safi kilichochemshwa na kupoa, kama nusu kikombe, ufunike vizuri. Kisha kiwekwe penye baridi, katika kisanduku chenye barafu, ila kisigande. Maana tumekwisha kuona kwamba katika joto vitazaa njiani na kutoa jibu la uongo, na vikiganda vitajeruhiwa. Mpelekee Bwana Afya au Bibi Afya siku ile ile. Kazi ya kuotesha haifanywi katika kila zahanati. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni karibu kilomita 200, na pengine chombo chako kitafika Dar es Salaam. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula nchini ni kazi ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo lina maabara zake.

Na jibu likirudi "haikuonekana", lisomeni kama lilivyoandikwa. Haikuonekana katika gramu zile 25. Halisemi sufuria nzima ilikuwa safi.

Chombo kisicho na maandishi hakina faida kwa mtaalamu aliye mbali. Wazee wanaokumbuka masomo ya redio ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 watajua kwamba redio hupenda kumaliza kwa kazi. Kazi yetu ni hii. Kateni kipande cha karatasi, upana wa vidole vinne. Andikeni juu yake kwa herufi kubwa, kwa kalamu isiyofutika kwa maji:

CHAKULA: wali na kuku.
MAHALI: kijiji, wilaya.
KILIPIKWA: tarehe na saa.
KILILIWA: saa ngapi.
KILICHOTWA: tarehe na saa.
WALIOKULA: wangapi. WALIOUGUA: wangapi.
ALIYECHOTA: jina na sahihi.

Jina la mpishi lisiandikwe. Mwalimu atayasahihisha maandishi yenu, na wiki ijayo tutasoma jinsi ya kusoma jibu linaporudi. Kwa herini.